Kikorea ni kazi ya baba yao, wewe shika Kiswahili chako

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Centreville, Virginia, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni Mkorea wa hapahapa Marekani, wazazi wake walihamia kabla hajazaliwa. Tuna binti wa miaka 4 na wa kiume wa miezi 10. Mimi naongea nao Kiswahili, mume anaongea nao Kiingereza, anasema Kikorea chake ni cha jikoni tu. Mama mkwe anataka binti aanze shule ya Kikorea ya Jumamosi, tena anataka sherehe kubwa ya mwaka mmoja ya mdogo wake, ile ya meza. Mume hiyo shule haitaki hata kuisikia, alipelekwa kwa lazima utotoni akaichukia. Mwalimu wa chekechea ananiambia lugha tatu zitamchanganya mtoto, nichague. Nimeanza kujifunza Kikorea kwenye apu usiku wakishalala ili nimsaidie, nachoka sana. Niache ipi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa uchovu. Nikupe jibu kwanza halafu ndo tuongee vizuri: usiache lugha hata moja, ila hiyo apu ya usiku iache leo. Kikorea ni kazi ya baba yao na bibi yao. Yako ni Kiswahili. Kiingereza hakihitaji mtu wa kukisimamia, kiko kwenye tivii, kiko kwa mtoto wa jirani, kitaingia tu hata mkikifungia mlango. Mimi kazi yangu ni lugha za watoto, nimekaa na familia nyingi za mchanganyiko huku Maryland na Virginia, na nyumba ninazoziogopa ni zile ambazo mama mmoja kajitwisha za watu wote, yeye ndo anafundisha lugha yake, yeye ndo anajifunza kupika vya upande wa mume, yeye ndo anakumbuka sikukuu za ukweni, na mume yupo tu anapongezwa kwa kuoa mke mzuri. Siku huyo mama akichoka vinaanguka vyote kwa pamoja, na mtoto anabaki na Kiingereza peke yake.

Tumalizane na mwalimu. Naamini ana nia njema ila hapo kakosea. Mtoto hachanganyikiwi na lugha tatu. Atazichanganya mdomoni, hilo ndiyo, utasikia sentensi moja mwanzo Kiswahili, katikati Kiingereza, mwishoni neno la halmoni, yaani bibi kwa Kikorea, na ni kawaida kabisa, anachukua neno lililo karibu na mkono. Mtoto wa Lushoto anaongea Kisambaa kwa bibi, Kiswahili barabarani, Kiingereza kinamsubiri shuleni, na sijawahi kusikia mzazi kaitwa ofisini kwa ajili hiyo. Kinachowapoteza walimu wa huku ni kuhesabu maneno ya Kiingereza tu, wakati mwenzao ana maneno mengine ya "sufuria" na "kandambili" ambayo mwalimu hayajui, kwahiyo ukitaka kumpima unahesabu za lugha zote kwa pamoja. Ningepata wasiwasi kama shida ingekuwa ileile kila upande, yaani hata Kiswahili chako haelewi ukimtuma kitu, au kama angefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote. Hapo ungeenda kwa mtaalamu wa matamshi na lugha, na hata huko mtu akikwambia dawa ni kuacha lugha ya nyumbani, shukuru, toka, tafuta mwingine.

Sasa huyu shemeji yangu na Kikorea chake cha jikoni. Hiyo sentensi naisikia kwa Wakorea waliozaliwa Marekani karibu kila nikikaa nao na huwa nacheka, maana mtoto wa miezi 10 anataka Kikorea gani kingine? Kula, njoo, lala, moto huo usiguse, nawa mikono, vua viatu, nani huyu, wapi panauma. Hicho ndo Kikorea chote anachohitaji kwa sasa na baba yake anakijua, tena kwa lafudhi ya mama yake mzazi. Hawezi kusoma gazeti la Seoul, sawa, kwani nani kamuomba.

Na huyo wa kiume mkimuwahi ni bora zaidi. Vichanga wanakuja duniani wanatofautisha sauti za lugha nyingi sana, halafu wakikaribia mwaka mmoja masikio yanaanza kuchuja, zile wasizozisikia nyumbani zinafifia. Kikorea kina sauti zinazokuja tatutatu, dal ni mwezi, tal ni barakoa, ttal ni binti, mimi na wewe tukisikia tunabaki tunatoa macho ila mtoto anayeogeshwa na lugha hiyo kila jioni hata hajiulizi. Mwaka 2003 watafiti wa Los Angeles walitoa matokeo ya wanafunzi wa chuo waliokuwa wanasoma Kikorea ukubwani, wale waliowahi kukiongea utotoni, hata kama walikiacha miaka mingi, walikuwa wanasikia na kutamka vizuri kuliko waliokuwa wanaanza sifuri, na hata wale waliokuwa wanakisikia tu bila kukiongea masikio yao yalikuwa mbele. Kwahiyo mume akikwambia "hata nikimwongelesha ataacha akianza shule," mwambie inawezekana, na bado haijapotea bure.

Usimpe mpango mkubwa. Mpe kitu kimoja ambacho ni chake peke yake. Kwa familia nyingi napendekeza kuogesha watoto, kwa sababu kuogesha kuna mwanzo na mwisho, maneno ni yaleyale kila siku na hakuna mtu wa nje anayesikiliza. Kuna baba mmoja nilikuwa kwao jioni, kakunja mikono ya shati, mtoto yuko kwenye beseni, anahesabu vidole vya mguu hana, dul, set, akafika kwenye povu akakwama, hajui povu linaitwaje. Simu ilikuwa juu ya sinki, akampigia mama yake kwa spika, "Omma, povu tunasemaje?" Bibi akajibu geopum huku anacheka, halafu hakukata, akabaki kwenye simu anaimba mpaka mtoto anafutwa. Nilivyorudi siku nyingine nikakuta hiyo simu ya kuogesha imeshakuwa utaratibu, bibi anaisubiri, na baba ndo anajifunza kuliko mtoto. Usipange hilo kama somo. Likiitwa somo linakufa.

Ila msamiati sio tatizo lake kubwa. Kinachomfunga mdomo sanasana ni aibu, na hiyo aibu ina historia, na hiyo historia ndo urithi wenyewe wa wanao kuliko hata hanbok, lile vazi lao la asili, na kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, kwahiyo nivumilie kidogo hapa.

Watu wengi wakisikia Mkorea wa Marekani wanadhani ni mtu wa Seoul aliyehama juzi. Kundi la kwanza la Wakorea 102 lilishuka Honolulu tarehe 13 Januari 1903 kwa meli inaitwa Gaelic, walikuwa wanaenda kukata miwa, na mpaka 1905 walishafika kama 7,000. Halafu Japani ikaimeza nchi yao 1910, kwahiyo wale vibarua wakajikuta hawana pa kurudi, wakawa wanachangishana kwenye mishahara ya shambani kupigania uhuru wa nchi ambayo kwenye ramani haipo. Ahn Chang-ho, ambaye Wakorea wanamwita Dosan, aliishi California, akachuma machungwa Riverside na wenzake huku anajenga chama, akafa 1938 kwa ugonjwa baada ya kufungwa na Wajapani, na binti yake Susan Ahn Cuddy, mzaliwa wa Los Angeles, akaingia jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili akawa anafundisha wanajeshi kulenga ndege. Huyo binti ni Mkorea au Mmarekani? Wanao watauliza swali hilohilo, na jibu lipo kwenye maisha ya watu kama huyo, mtafutie binti picha yake akiwa na sare.

Mwaka 1924 Marekani ikawafungia mlango Waasia. Baada ya vita ya Korea ya 1950 hadi 1953 wakaja wake wa wanajeshi na watoto walioasiliwa, hao watoto peke yao kwa miaka iliyofuata wakavuka 100,000. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ndo ikafungua geti, miaka ya 70 na 80 wakaja kwa wingi, wakwe zako kwa umri nadhani wamo humo. Leo wako karibu milioni 2. Wengi walikuja na digrii zao, Kiingereza kikawagomea, vyeti havikutambulika, wakaishia kufungua dobi na maduka ya vyakula, mtaji wakipata kwenye kye, ambao ni upatu wetu uleule, mnachanga kila mwezi mmoja anabeba. Kanisa ndo likawa kijiji. Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, walipowapima 2012 karibu asilimia 71 ya Wakorea wa Marekani walisema ni Wakristo, na hata asiyeamini sana alikwenda, maana kanisani ndo kuna kazi, kuna chumba cha kupanga, kuna mtu wa kukusomea barua ya kodi, na baada ya ibada kuna wali na supu.

Watoto wa nyumba hizo walifanyia homuweki nyuma ya kaunta. Wakawa wakalimani wa wazazi benki na hospitali wakiwa na miaka tisa. Walimu wengi wa miaka ile waliwaambia wazazi waache Kikorea nyumbani ili mtoto apate Kiingereza, kama unavyoambiwa wewe leo, wakatii, halafu mtoto huyohuyo akifika kanisani wazee wanamgeukia, wewe Mkorea gani hujui Kikorea. Shuleni anachekwa kwa harufu ya chakula chake, kanisani anachekwa kwa lafudhi. Kwahiyo mume wako akifungua mdomo mbele ya mama yake anarudi kuwa yule mtoto. Ukimwambia "jitahidi bana" unamuongezea. Muombe badala yake awasimulie watoto, kwa Kiingereza tu, sawa, habari za duka la babu, nani alikuwa anakaa kwenye mashine ya pesa, walikuwa wanakula nini likifungwa. Awapikie budae-jjigae awaambie ile soseji na nyama ya kopo imeingiaje kwenye supu ya kimchi, kwamba baada ya vita watu walikuwa na njaa na vyakula vya kambi za Wamarekani vikawa vinatoka getini. Hiyo ni historia ya nchi mbili kwenye sufuria moja na watoto wote wanaipenda, punguza pilipili tu.

Mambo ya K-pop, huo muziki wa vijana wa Korea, acha yaje yenyewe. Yanasaidia kwamba sasa hivi Kikorea kina heshima mtaani, wenzake binti hawatamcheka kama walivyomcheka baba yake, wengine watamuonea wivu. Ila nyimbo hazina bibi ndani yake.

Bibi sasa. Huyo mama mkwe unamuona kama presha, mimi namuona kama mali, na mali yenyewe ina umri. Muombe mchana mara mbili kwa wiki awe na watoto, na sharti liwe moja, Kiingereza asiguse. Wabibi wa Kikorea wa huku wana tabia ya kumwongelesha mjukuu Kiingereza kibovu kwa mapenzi, mtoto ajisikie vizuri, na hapo ndo tunapotezea dhahabu. Mwambie wewe mwenyewe, kwa heshima zako za kwetu, kwamba unamhitaji kama mwalimu. Atalainika hadi utashangaa, maana hata hilo la shule ya Jumamosi mara nyingi ni hofu ya bibi kwamba wajukuu watamzika bila kuelewa aliyoyasema. Upande wenu pia mna bahati ambayo wake wa Kimarekani hawana, mpangilio wa ukoo unafanana, wana baba mkubwa na baba mdogo kama sisi, na wewe tayari anakuita mama fulani kwa jina la mtoto, si ndio? Ulipojifungua akakunywesha supu ya mwani wiki nzima, ile ni mtori wao.

Kuna kitu kimoja baba na bibi wasimamie mapema, ni heshima ndani ya lugha. Mtoto anayejifunza Kikorea nyumbani tu anasikia Kikorea cha kumwambia mtoto, kwahiyo anakirudisha hivyohivyo kwa kila mtu. Utamkuta binti mzuri kanisani, mzee wa miaka sabini anamwinamia kumsalimia, yeye anampungia mkono mmoja na kusema "annyeong", ni kama mtoto wetu kumwambia babu "mambo vipi". Mzee anatabasamu ila uso unaganda, na baba mtu masikio yanakuwa mekundu. Wafundishe mambo matatu yatoshe kwa sasa, annyeong haseyo na kichwa kinainama, kitu cha mkubwa kinapokelewa kwa mikono miwili, na mwisho wa sentensi kwa mkubwa kunawekwa yo. Binti aliyezoea kutoa shikamoo hapo hachukui hata wiki.

Sasa niseme lile ambalo hukuuliza na najua lipo. Wanao huku Marekani wataonekana weusi. Kuna siku halmoni atasema mtoto asicheze sana juani, au atashika nywele za binti aseme kitu, na kuna siku ukienda nao Dar watu watawaita "Wachina" kutoka airport mpaka Kariakoo na mjomba wako atacheka nao. Vyote viwili vinauma na vyote viwili vinajibiwa na mwenye ukoo. La mama yake anajibu mume, kwa Kikorea hichohicho kibovu, palepale, mtoto akiwa anasikia. La Kariakoo unajibu wewe. Usikubali mgawanyo mwingine, mkwe akijibiwa na mkwe inakuwa ugomvi, akijibiwa na mwanawe inakuwa mazungumzo. Korea yenyewe ilishtushwa na jambo hili 2006, Hines Ward, mtoto wa mama Mkorea na baba Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Seoul, alipochaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, akaenda Korea na mama yake wakapokelewa kama wafalme, na watu wakaanza kujiulizana hadharani wale wengine wanaofanana naye waliobaki kwenye nchi wanaishije. Muonyeshe binti huyo, na muonyeshe mwanamuziki Yoon Mi-rae, baba yake ni mwanajeshi mweusi wa Marekani na mama Mkorea, anaimba na kurap kwa Kikorea na Korea nzima inamjua.

Na akifika miaka kumi hivi kuna habari ngumu mtamkalisha wote wawili. Machi 1991 Los Angeles mama mmoja Mkorea mwenye duka alimpiga risasi ya kichogo Latasha Harlins, msichana mweusi wa miaka 15, kwa ugomvi wa chupa ya juisi ya machungwa, na hakufungwa jela. Mwaka uliofuata tarehe 29 Aprili waliachiwa polisi waliompiga Rodney King, mwanaume mweusi, mji ukawaka, zaidi ya watu 50 wakafa, na maduka ya Wakorea zaidi ya 2,000 yakaharibiwa au kuchomwa huku polisi hawaonekani. Wakorea siku hiyo wanaiita Sa-i-gu, yaani nne mbili tisa. Wengi wanasema siku hiyo ndo waligundua kwamba wao ni Wamarekani, na kwamba hakuna wa kuwasemea ila wao wenyewe. Sasa wako wengine wanamsimulia mtoto upande mmoja tu, wa duka au wa msichana. Wa kwako ni ndugu wa wote wawili. Asije akaisikia mara ya kwanza kwa mtu anayemtaka achague.

Shule ya Jumamosi nina maoni yangu na najua halmoni hatayapenda. Miaka 4 ni mapema kwa nyingi ya hizo shule, ni masaa matatu asubuhi kwenye madarasa ya kanisa, walimu wengi ni wazazi wanajitolea wana moyo sana ila wanatumia kitabu kilichoandikwa kwa mtoto ambaye nyumbani kila mtu anaongea Kikorea. Wa kwako akiingia hajui kitu anakaa nyuma, anachoka, anajifunza kwamba Kikorea ni kule anakokuwa mjinga, na hapo tumemtengeneza baba yake upya. Subiri afike miaka sita, akiwa ameshasikia cha kutosha kwa bibi na anajua herufi. Herufi zenyewe zisikutishe, hangul ina 24 za msingi, mfalme Sejong alizitengeneza 1443 na kuzitangaza 1446 kusudi mtu wa kawaida asome, na kitabu cha mwaka huo kinasema mwenye akili anazijua kabla asubuhi haijaisha. Zinakwenda kwa silabi, ga na da ra, mtoto anayeimba ba be bi bo bu anaona ni mchezo uleule, hili hata wewe unaweza kulifanya naye Jumapili moja kama unapenda, ila kwa kupenda.

Akianza, baba aende naye. Simaanishi amshushe, aingie, shule nyingi zina darasa la wakubwa au angalau kona ya kahawa ya wazazi, na atakuta wenzake kibao waliokuwa wanaichukia wakiwa wadogo wamerudi na watoto wao. Akikataa kabisa msilazimishane, kaunti yenu ya Fairfax imekuwa na programu ya Kikorea kwenye shule za msingi za serikali, ulizeni mapema kuhusu nafasi na jinsi ya kuomba, hapo Kikorea kinakuwa lugha ya hesabu na sayansi siku za kazi na Jumamosi inabaki ya mpira.

Sherehe ya mwaka mmoja, doljanchi, mkubalie mama bila kubishana. Zamani vichanga walikuwa wanakufa sana Korea, mtoto akivuka siku mia wanafanya kadogo, akivuka mwaka wanafanya kakubwa, kwahiyo ni shukrani ya uhai na sisi hilo tunalielewa. Mtoto anavalishwa hanbok yenye mikono ya mistari ya rangi, anawekwa mbele ya meza ya keki za mchele na matunda, halafu mbele yake vinapangwa vitu achague kimoja, uzi ni maisha marefu, pesa ni utajiri, kalamu ni elimu, mchele ni kutokufa njaa, Wakorea wa huku wameongeza stetoskopu, maiki, nyundo ya jaji, na kila shangazi anasukumia cha kwake karibu kidogo. Wewe omba vitu viwili. Kwanza meza itandikwe khanga ya kwenu chini ya vyombo vyao, na jina la khanga alichague mama yako, awepo kwenye vidio koli na asomewe. Pili pilau iwepo pembeni ya japchae, zile tambi zao. Hapo ndo unaongea na mkwe mapema, wiki kadhaa kabla, sio siku ya shughuli. Gharama wasikutishe nazo, meza nzima inakodishwa kwa wanaofanya hizo kazi na H Mart, lile duka la vyakula vya Kikorea, inauza keki za mchele, ukumbi wa hoteli ni matakwa ya watu.

La mwisho ni la makaratasi na nakuomba usilipuuze kwa sababu una mtoto wa kiume. Korea inatoa uraia kwa damu. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa raia wa Korea siku mtoto anazaliwa, mtoto ni raia wa Korea hata kama kazaliwa Virginia na hamjawahi kumsajili popote. Tangu 1998 hata kupitia kwa mama, kabla ya hapo ilikuwa kwa baba tu. Sasa mume wako unasema kazaliwa huku: je, siku anazaliwa baba yake alikuwa ameshaapa uraia wa Marekani au alikuwa bado na grini kadi? Kama alikuwa bado, mume wako mwenyewe anaweza kuwa raia wa Korea bila kujijua, na ikiwa hivyo mtoto naye yumo. Na mvulana mwenye uraia wa pande mbili anatakiwa aukane wa Korea kufikia tarehe 31 Machi ya mwaka anaotimiza miaka 18, akipitisha anabanwa na jeshi mpaka karibu miaka 40, anaweza kuja kukwama kwenye kusoma au kufanya kazi Korea. Mahakama yao ya Katiba ilisema 2020 kwamba sheria hiyo inabana kupita kiasi, na tangu Oktoba 2022 kuna njia ya kuomba ruhusa kwa aliyechelewa, ila ni maombi, wanaweza kukataa. Muda mnao, karibu miaka 17, lakini kinachotakiwa ni cheti cha uraia cha babu na tarehe iliyoandikwa pale, na hizo karatasi ziko kwenye droo ya halmoni ambaye ndo anajua ziko wapi. Mume amuulize siku anapoenda kuongea habari za sherehe, apige picha hicho cheti, halafu apige simu idara ya konsula ya ubalozi wa Korea hapo Washington awasomee tarehe zote mbili, ya kuapa na ya kuzaliwa kwake, watamwambia anaangukia wapi.